Mtoto Atokwapo na Damu Puani

Ni machache yamshtuayo mama kama kuona damu ikimtoka mwanawe puani. Hata hivyo, aghalabu chanzo chake ni chepesi. Mbele ya ukuta ugawanyao matundu ya pua mna mishipa myembamba mno ya damu. Kidole cha mtoto, mafua, vumbi au hewa kavu hutosha kuipasua. Damu itokayo tundu moja pamoja na uchafu wenye harufu mbaya huashiria kitu alichojitia mtoto, kama ushanga au mbegu.

Wengi wetu humrudisha mtoto kichwa nyuma. Kufanya hivyo hakuzuii damu, bali huipeleka kooni, akaimeza na kutapika. Tumketishe, ainame mbele kidogo, apumue kwa mdomo, nasi tumbane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia.

Tusikawie kwenda hospitali iwapo damu haijakoma baada ya dakika 20, ameumia kichwa, hajatimiza miaka 2, au ana alama za kuvilia damu mwilini pasipo sababu. Kwa kinga, tumkate kucha mara kwa mara.