Maneno ya Hesabu Yaliyomo Nyumbani Mwetu

Hapana nyumba ya Mwislamu ambayo haikupata kusikia neno witiri. Mtoto humwona baba yake baada ya sala ya Isha akisali rakaa mbili mbili, kisha akamalizia kwa moja au kwa tatu, naye huambiwa kuwa hiyo ndiyo witiri. Lakini mtoto huyo huyo akifika darasani na kuulizwa namba witiri ni zipi, hukodoa macho kana kwamba ameulizwa habari za nchi ya mbali. Hakuna aliyemwambia kuwa neno ni lile lile. Witiri ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kama 1, 3, 5 na 7. Na mwenziwe ni shufwa, igawanyikayo kwa mbili bila kubakia kitu. Asili ya maneno hayo mawili imetajwa pamoja katika Sura ya Alfajiri, aya ya 3, na kila aliyehitimu chuoni amekwisha kuisoma.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la mchezo. Huko Tanzania, kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wamekuwa wakishindwa katika somo la hesabu. Katika shule za serikali za Bara mtoto husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na aingiapo sekondari hubadilishiwa lugha. Hapo wengi hutupa maneno waliyokuwa nayo na kuanza kukariri majina mapya yasiyokuwa na sura yoyote katika fikira zao. Mimi naona hayo ni makosa. Jina la kigeni hulazimu kujifunza, kwani ndilo litakaloandikwa katika mtihani. Bali maana yake hupatikana upesi zaidi kwa neno ambalo kijana amekua nalo.

Tazameni neno tasa. Sote twajua tasa ni asiyezaa. Basi namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika kwa hesabu nyingine nzima ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Huwezi kuipata 13 kwa kuzidisha mbili zilizo ndogo kuliko yenyewe. Kijana akiisha kufahamu hivyo, jina la kizungu halitamtisha.

Tena kuna kigawe na kigawo, ambayo huchanganywa hata na watu wazima. Kigawe ni kinachogawanywa, kama kiumbe alivyo aliyeumbwa. Kigawo ni kile cha kugawanyia. 24 ni kigawe cha 6, na 6 ni kigawo cha 24. Na vivyo hivyo kipeo na kipeuo: 3 kwa kipeo cha 2 ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Herufi moja tu, na mtu amekwisha kwenda kinyume cha njia.

Ama sifuri, neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kitu kitupu. Alama yenyewe ilitoka kwa Wahindi, Waarabu wakaipokea, na Leonardo wa Pisa, aliyejifunza hesabu hizo katika mji wa Bugia nchi ya Algeria, akaipeleka kwa wasomaji wake wa Ulaya katika kitabu chake cha mwaka 1202. Neno la Waingereza la sifuri limetokana na neno letu hili, ingawa limepondwapondwa njiani.

Aljebra nayo ina kisa chake. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 mpaka 833, alitunga kitabu cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Jabr ni kuunga kilichovunjika. Mwunga mifupa naye hutumia neno hilo. Chukua mlinganyo huu: kitu ukikitoa 5, hubaki 12. Upande wa kwanza umepungukiwa. Ongeza 5 huku na huku, na kile kitu huwa kizima tena: ni 17. Mlinganyo ni mizani. Ukitia jiwe upande mmoja bila kutia upande wa pili, umepunja. Wanafunzi huambiwa tu "hamisha na ubadilishe alama", wasielezwe kwa nini, na hapo ndipo wanapopotea.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni habari za wasia na mirathi. Nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi ndizo sehemu sita zilizowekwa katika Sura ya An-Nisaa. (Wazee wetu waliita senti hamsini thumni, nayo ilikuwa nusu ya shilingi, basi kijana asimtegemee babu katika hilo!)

Tuseme mtu amekufa, akaacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike; baba yake alikwisha kufa kabla. Baada ya maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi 7,200,000. Mke ana thumuni, mama ana sudusi. Namba ya chini katika sehemu huitwa asili, ya juu huitwa kiasi. Hapa asili ni 8 na 6, na kigawe chao kidogo cha shirika ni 24. Mke hupata 3, mama 4, nazo ni 7. Hubaki 17 kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Lakini 17 haigawanyiki kwa 3. Basi zidisha asili kwa 3, iwe 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17. Kila fungu ni shilingi 100,000. Mke achukue 900,000, mama 1,200,000, mwana 3,400,000, na binti 1,700,000. Jumlisheni wenyewe, mtaona hapana hata senti iliyopotea. Masikini ni binti ambaye kaka zake humpa "kitu kidogo", naye asiweze kuhesabu kilicho chake.

Kwa vijana walio hodari kuna mas-ala moja zaidi. Mwanamke amekufa, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, na hapana mrithi mwingine. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Jumlisheni: asili ni 6, viasi ni 3 na 4, na jumla ni 7 juu ya 6, yaani zaidi ya mali yote iliyopo! Wanazuoni wa madhehebu manne huipandisha asili ikawa 7, hesabu hiyo wakaiita aul. Mume akapewa 3, na kila dada 2.