Habari za Japani: Nyimbo na Silabi ya Mwanzo

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji na Kigoma mjini hadi vijiji vya Watongwe vilivyo chini ya milima ya Mahale, si wageni wa Wajapani. Kwani tangu mwaka 1965, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipopiga kambi Kasoge ili kuchunguza mwenendo wa sokwe, wataalamu wa taifa hilo wamekuwa wakija mmoja baada ya mwingine, wakijifunza Kiswahili na baadhi yao Kitongwe pia, hata mwaka 1981 Nishida na mwenziwe Uehara wakatoa orodha ya majina ya mimea katika lugha hiyo. Nchi yao sisi tunaijua kwa magari, redio na injini za maboti, lakini mtu akituuliza watu hao hucheza nini wakati wa faragha, na huimba kwa taratibu gani, aghalabu hatuna jawabu. Nia yangu ni kueleza jambo moja tu katika maisha yao, nalo ni cheo kikubwa walichoipa silabi ya kwanza ya wimbo au shairi.

Japani ni nchi ya visiwa, vikubwa vikiwa vinne, Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu, na eneo lake lote, takriban kilomita za mraba 378,000, halifiki nusu ya eneo la Tanzania, ijapokuwa watu wake wanapita milioni 120. Ziwa lao kubwa kuliko yote ni Biwa, karibu na Kyoto, lenye kilomita za mraba 670 hivi na kina cha mita 104. Mvuvi wa Kibirizi, ambaye ziwa lake lina kina cha mita 1,470, angeweza kulidharau. Ila Biwa ni ziwa la kale mno, lenye umri wa mamilioni ya miaka, na kwa ukale huo wataalamu wameliweka katika daraja moja na Tanganyika. Ukingoni mwake, katika mji wa Otsu, pana hekalu la Omi, ambalo habari yake inafuata.

Kijapani huandikwa kwa alama zilizotoka China pamoja na herufi za silabi, na hizi za pili ndizo zinazotuhusu. Herufi moja husimamia silabi nzima: a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, na kuendelea hivyo hadi zikatimia 46 za msingi. Mtoto wa Ujiji aliyefundishwa ba, be, bi, bo, bu haoni ugeni mkubwa hapo, maana silabi zao kama zetu huishia kwa irabu, ghairi ya N moja iliyosimama peke yake, ambayo baadaye tutaona jinsi inavyoleta matata. Kabla ya mpango huo kuenea, Wajapani walizipanga herufi zao kwa kufuata shairi la kale liitwalo Iroha, ambalo kila herufi imetumiwa humo mara moja tu bila kurudiwa. Na kutokana nalo wakatengeneza karata za methali, kila karata na methali inayoanza kwa silabi yake. Kwa watu wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, karata ya "i" husema kwamba mbwa akizurura hukutana na fimbo. Malenga wa pwani yetu waliotunga beti zinazoanza kwa alifu na kwisha kwa ye wangeelewa mara moja shabaha ya kazi hiyo.

Lakini mchezo ulio bora, kwa rai yangu, ni ule wa mashairi mia moja, uitwao karuta. Mashairi hayo, kila mshairi na shairi lake, yalikusanywa katika karne ya 13 na Fujiwara no Teika, mshairi na mwanachuoni wa jumba la kifalme, na kila moja kwa kawaida lina silabi 31 zilizogawanywa katika vipande vya 5, 7, 5, 7 na 7. Wachezaji wawili hupiga magoti wakielekeana juu ya mikeka, na kati yao hutandazwa karata 50, kila mmoja 25 upande wake, ambazo juu yake imeandikwa nusu ya mwisho tu ya shairi. Hupewa dakika 15 za kukariri mahali pa kila karata. Kisha msomaji hughani shairi tangu mwanzo wake, na yule ambaye ameihifadhi nusu ya kwanza moyoni, akaigusa karata yenye nusu ya pili kabla ya mwenziwe, ndiye aliyeipata. Karata 50 zilizosalia hazimo uwanjani, ila mashairi yake husomwa vile vile, kusudi kumtega mwenye pupa.

Hapo ndipo silabi ya kwanza inapotawala. Mashairi 7 kati ya mia huanza kwa silabi ambayo hakuna shairi jingine lianzalo nayo, yaani mu, su, me, fu, sa, ho na se. Basi msomaji akitamka "mu" tu, kabla pumzi yake haijafikia silabi ya pili, mkono wa mchezaji hodari umekwisha pita kama mwewe aliyeona kifaranga, na karata imeruka nje ya mkeka. Kinyume chake, mashairi 16 huanza kwa "a", na mwenye kuisikia hiyo hana budi kujizuia, asikilize silabi ya pili, ya tatu, na pengine zaidi. Ziko jozi tatu za mashairi ambazo silabi zake tano za mwanzo ni zile zile, na hitilafu huonekana katika ya sita. Kwa karata za namna hiyo mchezaji huinamisha kiganja na kuizingira karata kwa vidole bila kuigusa, akingojea silabi moja impe ruhusa. Na shairi moja la jozi likisha kusomwa, la pili halina tena la kufanana nalo, kwa hiyo hutambulikana mapema zaidi kuliko awali, na mchezaji aliyesahau mabadiliko hayo hushindwa na aliyeyakumbuka. Watu wanaodhani kwamba ushairi ni kazi ya waliokaa kitako wangewatazama vijana hawa wanavyotoka jasho.

Kanuni za mashindano zilianza kuwekwa sawa mwaka 1904 na Kuroiwa Ruiko, mwenye gazeti la Tokyo, na ubingwa wa taifa umeshindaniwa tangu mwaka 1955, ule wa wanawake tangu 1957. Hufanywa kila Januari katika hekalu la Omi, kwa sababu Mfalme Tenji anayetukuzwa hapo ndiye mwenye shairi la kwanza katika yale mia.

Nyimbo za siku hizi zimepata makao yake katika karaoke. Inoue Daisuke, mpiga ala wa Kobe, alitengeneza mwaka 1971 mashine 11 zilizotoa muziki bila mwimbaji kwa sarafu ya yeni 100, wala hakuandikisha haki ya uvumbuzi wake, kwa hiyo wengine wakatajirika. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, upande wa amani, kwa kuwa amewafundisha wanadamu njia mpya ya kuvumiliana. Mwaka 1985 huko Okayama kontena la mizigo liligeuzwa chumba cha kuimbia, na tangu hapo vyumba hivyo vikaenea nchi nzima. Ndani yake palikuwa na kitabu kinene chenye majina ya nyimbo kwa utaratibu wa a, i, u, e, o, ambacho leo nafasi yake imechukuliwa na kioo cha kugusa kwa kidole. Afunguaye "sa" hukuta msitu wa misakura: wimbo wa Moriyama Naotaro wa mwaka 2003, wa Kobukuro na wa Ketsumeishi wa 2005, wa Ikimono-gakari wa 2006, zote kwa jina la Sakura, kwani ua lenye jina hilo huchanua wakati ambapo wanafunzi huagana mwezi Machi na kuanza mwaka mpya wa masomo Aprili. Wimbo wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961, uliofika kileleni Marekani mwaka 1963, wenyewe huutafuta kwenye "u", silabi ya kwanza ya jina lake la Kijapani; wageni waliubatiza Sukiyaki, jina la chakula cha nyama, ingawa ndani yake nyama haikutajwa kabisa.

Marafiki wakichoka kuimba ovyo, huingiza katika chumba hicho mchezo wa watoto uitwao shiritori, ambao kila neno huanza kwa silabi iliyomalizia neno lililotangulia, sawa na beti za shairi letu la mkufu. Badala ya maneno wao hutumia majina ya nyimbo. Sisi tungeweza kuanza na "Malaika" ya Fadhili William, tukashika "ka" na kuingia "Karubandika" ya Orchestra Maquis, tukajikuta tena kwenye "ka", na hapo ndipo ubishi ungeanza. Mjanja wa Kijapani humsukumia mwenziwe silabi "ru", maana maneno ya asili yaanzayo hivyo kwao ni haba mno. Sisi tunayo ruhusa, rubani, rutuba na, kwa bahati mbaya, rushwa. Ila sheria kali kuliko zote ni ya ile N: atakayetaja neno linaloishia nayo ameshindwa papo hapo, kwa kuwa Kijapani hakina neno lake lianzalo kwa N iliyo peke yake. Wenye kujua jiografia wamepata hila ya kujiokoa. Hutaja N'Djamena, mji mkuu wa Chad, au Ngorongoro yetu, ambayo katika ramani zao huandikwa kwa kuanzia na herufi hiyo hiyo. Wengine hukataa, wakidai kwamba majina ya mahali hayahesabiwi. Wakikubali, anayefuata hushika "ro", akasema rosoku, yaani mshumaa, na mwenziwe hutafuta neno la "ku".