Joto Lililofichwa katika Chokaa ya Tororo

Mawe ya chokaa yameifanya Tororo, mashariki mwa Uganda, kuwa mji wa saruji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa Jinja. Kila anayejenga kwa saruji au chokaa, akiwa Tororo au Busia mpakani, anatumia kwa hakika joto la tanuri, kwa kuwa mmenyuko wa kikemikali, yaani badiliko linalozaa maada mpya, daima huambatana na kufyonza au kutoa nishati.

Jiwe la chokaa, ambalo ni kalisi kaboneti, likichomwa hadi takriban nyuzi 900 za Selsiasi huachia gesi ya kaboni dayoksaidi na kubakiza chokaa kali, yaani kalisi oksidi. Gramu 100 za jiwe hufyonza takriban kilojuli 178, zikabaki gramu 56 za chokaa kali, na mmenyuko huo unaochukua joto kutoka nje huitwa fyonzajoto. Katika kutengeneza saruji, jiwe hilo hupashwa pamoja na udongo wa mfinyanzi hadi karibu nyuzi 1,450, ikapatikana klinka, ambayo husagwa na jasi kidogo.

Joto lililofyonzwa na jiwe halipotei. Chokaa kali ikikutana na maji, mabonge hupasuka, huvimba na kufuka mvuke, kwa sababu gramu 56 zile hutoa takriban kilojuli 65. Mmenyuko wa namna hii huitwa tozajoto. Chokaa hiyo iliyozimwa kwa maji ikipakwa ukutani hunywa polepole kaboni dayoksaidi ya hewani, hurudi kuwa jiwe, na kutoa kilojuli nyingine 113. Jumla ni 178 zile zile, sawasawa na kanuni aliyoitangaza mwanakemia Germain Hess mwaka 1840, kwamba badiliko la nishati hutegemea mwanzo na mwisho wa mmenyuko, si idadi ya hatua zake.

Kwa hiyo chokaa kali ihifadhiwe pakavu, mbali na watoto, na wakati wa kuizima itiwe kidogo kidogo ndani ya maji mengi, maana huunguza ngozi na kupofusha macho. Saruji nayo hutoa joto inapoungana na maji, na zege likikaushwa mapema na jua, mmenyuko hukatika kabla ukuta haujapata nguvu. Fundi anayelimwagilia maji kwa siku saba anaupa mmenyuko huo nafasi ya kuendelea. Anayeliacha likauke anapoteza jiwe la Tororo pamoja na moto wote uliotumika kulichoma.