Kulazwa nje kwa siku chache: kitanda utakiacha mapema, ndege usiikimbilie

Mtu wa Pemba anayekwenda India kutibiwa hufunga safari ndefu: gari hadi Mkoani, boti hadi Unguja, kisha ndege mbili, pengine tatu, mpaka Mumbai au Chennai. Kwa safari ya namna hiyo, hutarajia kulazwa wiki mbili au tatu. Badala yake hupasuliwa Jumatatu, Jumanne asubuhi muuguzi anamshusha kitandani atembee, na Alkhamisi anaandikiwa ruhusa. Jamaa wakipigiwa simu wanahamaki: mgonjwa hajapona, mbona anafukuzwa spitali?

Hafukuzwi. Mtu akilala chali siku nyingi, damu ya miguuni hupita polepole na huweza kuganda. Bonge hilo likichomoka hupanda mpaka kwenye mapafu, na hapo linaweza kuua kwa dakika chache. Sehemu za chini za mapafu nazo hazijai hewa vizuri, makohozi hutuama, nimonia inapata nafasi. Utumbo uliolala kwa nusukaputi huchelewa kuamka. Na wodi yenyewe, hata ikipigwa deki mara ngapi, ni mahali palipokusanya wagonjwa na vijidudu vyao. Kwa hiyo kutembea mapema na kutoka mapema ni sehemu ya tiba, hasa siku hizi ambapo operesheni nyingi hufanywa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo zima.

Hapa ndipo msindikizaji anapokuwa na kazi kubwa kuliko anavyodhani. Kwetu mgonjwa huzungukwa, hulishwa kwa mkono, huambiwa atulie asijichoshe. Huruma hiyo ni nzuri, lakini baada ya operesheni inaweza kumdhuru. Anayempenda mgonjwa wake amshike mkono watembee naye ukumbini, polepole, mara kadhaa kwa siku, kama daktari alivyoagiza. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na viza za wasindikizaji wasiozidi wawili, basi familia ichague mtu mwenye moyo wa kusimamia hayo, si yule tu mwenye pasipoti tayari.

Siku ya kupokelewa utalipa amana, utapimwa damu, utapigwa eksirei, na utaulizwa maswali mengi. Ukiulizwa dawa unazotumia, usitaje vidonge vya presha tu. Taja mafuta ya habasoda, taja kitunguu saumu unachokitafuna kila asubuhi, taja kila mzizi uliopewa. Baadhi ya vitu hivi hupunguza uwezo wa damu kuganda, na mpasuaji anatakiwa ajue kabla hajashika kisu. Taja pia mahali unakotoka. Kisiwa cha Pemba kina historia ndefu ya kichocho, ugonjwa ambao daktari wa India anaweza kumaliza miaka yote ya kazi bila kuuona. Mkojo wenye damu ambao daktari wa Chake Chake angeukisia mara moja unaweza kumpeleka mwenzake wa Chennai kwenye vipimo vya gharama kubwa kabla hajalifikiria hilo.

Kuhusu lugha, Wapemba si wageni wa daktari asiyejua Kiswahili. Madaktari wa China wanahudumu Zanzibar tangu 1964. Lakini omba mkalimani wa hospitali, na uombe mapema. Jamaa anayefasiri huwa na tabia ya kuficha habari nzito kwa kumwonea huruma mgonjwa, na mgonjwa asiyejua ugonjwa wake hawezi kuamua lolote. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na muuguzi wa kike naye aseme siku ya kwanza, wakati zamu bado zinaweza kupangwa.

Usiku wa kuamkia operesheni utakatazwa kula. Kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji, kwa sababu mtu aliyepigwa nusukaputi akitapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Asikudanganye mtu na kipande cha mkate.

Kisha utaulizwa jina lako, na unafanyiwa operesheni gani, upande gani. Utaulizwa tena, na pengine tena. Usidhani wamekusahau. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, na timu huipitia mara 3: kabla ya nusukaputi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa hapa Tanzania, na nyingine ya New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Jibu kila mara kwa sauti.

Sasa ruhusa imetoka, na kila mtu anataka kurudi nyumbani. Hapa nasisitiza: kuruhusiwa kutoka wodini si kuruhusiwa kupanda ndege. Hewa ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo, ikawa kama uko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Katika hali hiyo gesi iliyobaki mwilini hutanuka kwa karibu asilimia 30. Tumboni inaweza kuvuta mshono. Ndani ya jicho lililotiwa gesi wakati wa kutibu retina, inaweza kumaliza uoni. Muongozo wa mamlaka ya anga ya Uingereza husema usubiri siku 1 au 2 baada ya upasuaji mdogo wa matundu, siku 4 au 5 baada ya upasuaji wa kawaida wa tumbo, na siku 10 baada ya upasuaji wa kifua. Hatari ya damu kuganda yenyewe huendelea kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo bajeti ya safari ihesabu chumba cha kupanga karibu na hospitali. Ni afadhali kuchelewa kwenda mpaka fedha hiyo ipatikane.

Kabla ya kuondoka dai muhtasari wa matibabu, picha za vipimo, na dawa zilizoandikwa kwa jina la asili, kwani jina la biashara la India huenda duka la dawa la Wete halijalisikia. Anayewekewa valvu ya chuma ya moyo atatumia warfarini maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Swali la atapimwa wapi liulizwe kabla ya operesheni, maana jibu lake linaweza kubadilisha aina ya valvu. Omba pia dawa ya kichefuchefu kwa ajili ya boti ya Mkoani. Kutapika na mshono mbichi ni mateso.

La mwisho ni vijidudu sugu. Mwaka 2008 mgonjwa aliyewahi kulazwa New Delhi alikutwa Sweden na bakteria waliokuwa sugu hata kwa antibaiotiki kali za akiba. Usugu wa aina hiyo sasa umeshapatikana katika kila bara linalokaliwa na watu, basi si jambo la kuilaumu India. Ila ukipata homa, au kidonda kikitoa usaha baada ya kurudi, nenda hospitali ya Abdalla Mzee au ya Chake Chake na useme mwanzo kabisa kwamba ulilazwa nje, wapi na lini, ili usaha uchukuliwe na vijidudu vioteshwe maabara kabla hujameza kidonge cha kwanza.