Picha Ikififia, Panda na Mfongo (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kuhamisha klipu kutoka memori kadi. Leo tuingie kwenye lalamiko ninaloletewa kuliko mengine yote: kwenye kamera picha ilikuwa safi, kwenye programu ya kuhariria imefifia.

Desemba, watu walipopanda nyumbani kwa sikukuu, mtoto wa kaka yangu alirekodi kipaimara cha binamu yake huku Old Moshi, si mbali na Kidia. Usiku akanipigia. "Shikamoo baba mdogo. Kamera imekufa, picha zote ukungu." Nikamwambia kamera aiache kwanza. Kwetu maji yakifika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na tope, mtu halaumu jembe. Hupanda na mfongo, ule mfereji wa maji, banio moja baada ya jingine, mpaka aone yalipochafukia.

Banio la kwanza ni dirisha la kutazamia. Kompyuta ikielemewa, programu hupunguza ukali wa kile unachokiona ili picha isikwamekwame. Ukiweka robo, video ya pikseli 1920 kwa 1080 unaoneshwa kama 480 kwa 270. Faili lenyewe halijaguswa. Kijana akarudisha kwenye "kamili", na nusu ya msiba wake ikaisha hapo hapo. Wanaotumia nakala nyepesi za kuhariria, zile ziitwazo proksi, nao hushtuka hivyo hivyo bure.

Zikabaki klipu chache zilizogoma. Nikamwomba asome vipimo vya faili: upana pikseli 848 tu. Kumbe shangazi yake alizituma kwa programu ya kutumiana ujumbe, nayo huminya video kabla haijaondoka. Hizo hazina dawa. Ukizitandaza zijae skrini, unavutavuta pikseli chache. Yaliyokwisha kutupwa hayarudi. Ndiyo hali ya DVD za harusi zilizojaa makabatini mwetu pia: 720 kwa 576 ni moja ya tano ya pikseli za 1920 kwa 1080. Kijana akashuka kwa shangazi na waya, akachukua zile za asili kwenye simu. (Angalia pia vipimo vya mradi. Programu nyingine hufuata klipu ya kwanza unayoiweka, na ikiwa ndogo, zote zinashushwa.)

Tope lenyewe tulilikuta kwenye banio la mwisho, wakati wa kutoa kazi. Sura za watu zilikuwa nzuri, ila nyuma yao migomba imegeuka vibonge vya kijani. Video ya kawaida haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi zaidi kilichobadilika. Ukuta mweupe haubadiliki, unakula kidogo. Majani ya mgomba yaliyochanika, upepo wa mlimani ukiyapepea, hubadilika kila fremu. Mgao wa data kwa sekunde ukiwa mdogo, majani ndiyo ya kwanza kunyimwa. Anayerekodi viwanja vya tambarare huko chini mjini anaweza kuponea megabiti 3. Mpiga video wa kihambani haponi.

Kwa nini kijana aliweka 3? Kwa sababu ya flashi. Nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, na shughuli ilikuwa ya saa tatu. Piga hesabu: gigabaiti 4 kwa saa tatu ni kama megabiti 3 kwa sekunde. Alibana picha ili faili liingie. Kwa 1920 kwa 1080, YouTube hupendekeza megabiti 8, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa.

Tukaweka 8, tukakata shughuli mafaili matatu, kila moja la saa moja, na migomba ikarudi kuwa migomba. Ibada iko faili la kwanza, ndafu iko la pili. Shangazi alipochomeka flashi kwenye televisheni, alianza na la pili.