Kijiji cha Watu wa Hirimu Moja

Mwalimu akimwuliza mtoto wa Kyela, "Kijiji chenu kiko wapi, na watu wake ni akina nani?" hupata jibu upesi: kiko karibu na mto fulani, na watu ni babu, baba na ndugu zake. Lakini mtoto wa siku za kale angalijibu neno jingine kabisa. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo, hasa wazazi wenye wana wanaokua.

Kwanza mahali penyewe. Uwanda wa Kyela uko kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambalo maji yake yako kadiri ya mita 475 juu ya bahari. Mashariki imesimama milima ya Livingstone kama ukuta. Kaskazini nchi yapanda kwenda Rungwe. Magharibi mto Songwe watenga Tanzania na Malawi. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na udongo mzuri, tena mvua ni nyingi. Basi migomba na mpunga hustawi, lakini uwanda hauna pa kupanuka.

Zamani Wanyakyusa hawakujenga kijiji kwa ukoo, walijenga kwa hirimu. Bwana Godfrey Wilson na Bibi Monica Wilson, waliochunguza mambo yao kati ya 1934 na 1938, waliiandika desturi hiyo kwa urefu. Mvulana alipopata miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda na wenziwe kujenga vibanda pembeni ya kijiji cha wazee. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima likizunguka, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Na mashamba ya baba zao waliyalima. Wadogo zao wakaingia, hata kijiji kilipojaa waliofuata wakaambiwa wajenge chao. Walipooa, wake waliletwa huko huko.

Sababu moja ilikuwa heshima. Mke wa mwana hakuruhusiwa kuonana na baba wa mumewe, hata njiani. Wangalikaa kijiji kimoja, maskini angalijificha mchana kutwa! Sababu nyingine ni raha ya kula na kuzungumza na wenzi. Mtu wa kula peke yake alishukiwa.

Hata wakiisha kuwa watu wazima, ilifika siku ya "kutoka", mara moja katika kila kizazi. Mioto ya zamani ilizimwa, mpya ukapekechwa, na wazee wakawaachia wana utawala na ardhi, wao wakasogea kando.

Desturi hiyo ilihitaji mahali pa kusogea. Mpunga ulipoanza kuuzwa, shamba zuri likawa mali ambayo mtu hapendi kuiacha. Vijana nao walikwenda kutafuta mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, hata katika migodi ya shaba ya nchi iitwayo leo Zambia. Na watu wamezidi: katika hesabu ya 2012 wilaya ya Kyela ilikuwa na watu 221,490, katika ile ya 2022 walikuwa 266,426. Wameongezeka karibu 45,000 katika miaka 10, wala ziwa halikurudi nyuma kuwapisha. Basi mwana hujenga ubavuni mwa baba yake, na shamba la mmoja hukatwa kuwa la watatu.

Hatutamani siku zile zirudi; mtoto wa miaka 11 ni heri alale karibu na mama yake. Ila jambo moja twaliona jema: wazee waliwapisha wana wakali hai, mbele ya watu wote, wala wana hawakungoja matanga ndipo waanze kugombana juu ya mpaka.

Mwaka wa 2022 karani wa hesabu aliuliza kila nyumba ni nani waliolala humo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa swali hilo, mvulana wa zamani angaliandikwa katika kijiji kimoja, na chakula chake cha jioni kimepikwa katika kingine.