Nusu ya Nyumba Gizani Baada ya Dhoruba

Msimu wa mvua Bujumbura huenda hadi mwezi wa 5, na dhoruba ikipita Buyenzi au Bwiza hutokea taa ya sebuleni ikawaka huku jikoni ni giza.

Kwanza tuchungulie kwa jirani. Naye akiwa gizani, hitilafu iko barabarani, nayo ni kazi ya REGIDESO. Laini ya barabarani huwa na nyaya tatu za moto na mmoja wa kurudisha, uitwao nyutro. Upepo ukikata mmoja wa moto, huzimika zile nyumba zilizofungwa kwake tu.

Jirani akiwa na taa, tutazame fyuzi zetu. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiasi kile kile. Kuizungushia waya mnene, kama wafanyavyo wengi, ni kuchoma nyumba. Ikiungua tena, huenda maji yameingia kwenye soketi au darini. Tuiache, fundi apime.

Dalili ya kutisha ni hii: taa nyingine zinafifia, nyingine zinang'aa kupita kawaida. Hapo huenda nyutro imekatika. Kati ya waya wa moto na nyutro kuna volti 220 hivi. Kati ya nyaya mbili za moto, 380. Bila nyutro vyombo hugawana hizo 380 ovyo, na redio ya mshahara wa miezi huungua kwa dakika. Zima swichi kuu mara moja, waambie wapangaji mnaogawana mita, kisha iiteni REGIDESO. Waya ulioanguka uani usiguswe hata kwa kijiti.